Mdimu Kutoka Upande Wetu

Oktoba 3

Veronika wa nyumba ya pili ameniuliza tena leo bombani mume wangu anafanya kazi gani. Nimemjibu vilevile nilivyomjibu wiki iliyopita: "Ni mwongozaji wa filamu." Akacheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Sabra, mdogo wangu, mume wangu mimi yuko bandarini. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, watu wanamwona. Wa kwako nilimkuta Ufukoni kalala kifudifudi kwenye mchanga anampiga picha kaa!"

Nikamwambia kaa huyo atakuwa kwenye video, na yeye Veronika atalipa kiingilio kwenda kumtazama. Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka kwa madaha yote niliyojaliwa.

Hina ya harusi bado haijafutika mikononi mwangu. Sudi wangu! Nikiandika jina lake tu natabasamu peke yangu kama mwehu. Alianza kwa kupiga video za harusi na kamera ya kuazima, akajifundisha mwenyewe kuhariri, akawatengenezea video wasanii wa hapa Mtwara. Moja ilichukuliwa na kampuni fulani ya Dar ikaonyeshwa kwenye televisheni. Aliwaita jirani wote waje kuona. Mwishoni, pale palipokuwa na jina lake, palikuwa na jina la mtu mwingine. Aliniambia hayo siku ya kwanza tulipozungumza, na nadhani nilimpenda palepale, kwa jinsi alivyoyasimulia bila kujionea huruma. Aliapa kazi yake kubwa ataifanya humuhumu Kusini, na jina lake likae mwanzo, si mwisho.

Sasa anaifanya. Ni video ndefu ya wimbo wa rafiki yake Fredi, "Kusini Hatuhami". Ni ndefu hivi kwamba ni filamu kabisa: msimu mzima wa korosho, tangu mabibo yanapoiva hadi mvua za kwanza.

Nami nina kazi yangu. Jioni akirudi, hata kabla ya kunywa maji, ananiwekea kadi ya kamera kiganjani. Natazama kila kipande, nakipa jina, nakinakili kwenye laptopu. Wake wengine hupokea kapu la sokoni. Mimi napokea kadi.

Oktoba 5

Joto. Sudi kaniletea machweo ya Msimbati kwenye kadi. Kasema ni zawadi, nisiyape jina.

Oktoba 9

Tumekwenda kijijini kwetu, upande wa Kilambo, kumsaidia baba kuokota korosho. Yaani mimi na mama tumeokota. Sudi ametuzunguka na kamera.

"Mkwe," baba akamwita, "hiyo kamera yako inaokota?"

"Inaokota picha, baba."

"Mnadani wanapima picha kwa kilo ngapi?"

Watu shambani wakaangua kicheko. Sudi naye akacheka, lakini masikio yake yalibadilika rangi. Baba yangu, Mzee Amiri, si mtu mbaya. Ana ulimi tu. Na ana kikohozi chake, kilichoanza miaka ile ya kupuliza salfa mikorosho bila kujifunga kitambaa: viwili vifupi na kimoja kirefu, kama mtu anayebisha hodi. Tangu utotoni nikikisikia najua chakula kipakuliwe.

Wakati wa kuondoka alimuuliza mama, kwa sauti ya kutosha tusikie: "Kwani hatukupata mwalimu wa kumwoa huyu?"

Nikageuka. "Mwalimu alikuja, baba. Nikamkataa."

Nilidhani atafoka. Akakohoa tu.

Oktoba 10

Nimeulizwa dukani. Nimejibu: mwongozaji wa filamu.

Oktoba 17

Ngoma kijijini! Vijana waliomaliza la saba wametoka jandoni na midimu imechezwa uwanjani mchana kweupe. Sudi aliomba ruhusa kwa wazee, wakamruhusu apige uwanjani.

Niseme jinsi ilivyo kwetu. Mdimu ni yule mwenye kinyago usoni na nguo zilizomfunika mwili mzima, asionekane hata kidole. Wanaume waliopita jandoni wanajua anakovishwa. Sisi wanawake tunafundishwa tangu wadogo kwamba si mtu, ametoka ardhini. Akija tunakimbia na kupiga mayowe, na kumkimbia ni raha isiyosemeka. Labda wengine wetu tunajua mambo. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine.

Huyu wa leo alicheza! Mabega yalitetemeka kana kwamba yana akili yao. Alipotugeukia nikakimbia nikapoteza kandambili moja. Nimerudi mtaani kwetu Rahaleo mguu mmoja peku, na Sudi kanibeba kutoka kwenye bajaji hadi mlangoni mbele ya Veronika. Na atazame!

Oktoba 18

Sijui kama inafaa kuandikwa, lakini nitaandika.

Nilipokea kadi kama kawaida. Nikafungua vipande vya ngoma. Kimoja kilikuwa kirefu, kimelala upande. Miguu ya wanaume, mikeka, kichaka. Sauti za chini kwa Kimakonde. Nikaelewa: Sudi alikwenda walikokuwa wanaume wenzake, kamera ikiwa imening'inia shingoni, na alisahau kuizima. Kinyago kilikuwa juu ya mkeka, kinatazama mbingu. Pembeni yake mtu alikuwa anafungwa nguo miguuni. Uso wake haukuonekana.

Kisha akakohoa. Viwili vifupi na kimoja kirefu.

Nimeifunga laptopu kwa nguvu mpaka paka akaruka dirishani. Kipande kile sikukinakili. Na jina sitaliandika, hata humu.

Sudi aliporudi kutoka kwa Fredi nikamwambia. Akakaa chini sakafuni palepale.

"Umeona?"

"Kwanza nimesikia. Halafu nimeona."

"Ee Mwenyezi Mungu. Nimezoea kukupa kadi zote, Sabra. Sikufikiri kabisa."

Hilo ndilo kosa lake: amezoea kunipa kila kitu. Ningemkasirikiaje? Wanaume wakijua, yule mzee hatasimama tena mbele yao, na Sudi hatapokewa tena katika kijiji chochote cha huku. Ameniahidi atakifuta. Nimembusu paji la uso.

Oktoba 26

Wingu limepita upande wa Ruvuma. Halikunyesha.

Novemba 2

Mgeni kutoka Dar! Emmanueli, mtu wa kampuni inayosambaza video. Ameona vipande ambavyo Fredi alivirusha mtandaoni na amekuja mwenyewe. Viatu vyeupe kabisa, kwenye vumbi letu. Nikampikia wali wa nazi na changu.

"Shemeji, umepika hadi nimesahau kwetu," kaniambia. Kisha kwa Sudi: "Dairekta, una jicho. Mtu kama wewe anafanya nini huku?"

"Naishi," Sudi akajibu.

Nikataka kumkumbatia. Emmanueli akacheka, akasema tutazungumza vizuri kesho.

Novemba 3

Sikutaka siku hii iwemo katika shajara ya msimu wangu wa kwanza wa ndoa, lakini imo.

Nilikuwa jikoni nachuja tui. Sebuleni walikuwa wanatazama kazi. Nikasikia Emmanueli anaruka kutoka kwenye kiti: "Hii! Ni hii hapa, kaka! Rudisha nyuma!" Na kutoka kwenye spika ya laptopu nikasikia kikohozi.

Tui likamwagika. Sudi hakukifuta.

Emmanueli alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyeokota dhahabu. Mdimu akivishwa, hakuna aliyewahi kuonyesha, dunia nzima itatazama. Sudi ataongoza, jina lake mwanzo, kwa herufi kubwa, atapewa kazi Dar mwaka mzima. "Bila kipande hiki una video nzuri ya ngoma, dairekta. Video nzuri za ngoma zipo tele."

Alipoondoka kwenda hotelini nikamuuliza mume wangu kwa nini hakukifuta.

"Nilitaka kukifuta. Kila siku nilitaka."

"Na leo umekionyesha."

"Uso hauonekani, Sabra."

"Kikohozi kinasikika."

"Tutaondoa sauti. Tutaweka wimbo juu yake."

"Mimi nimemjua kwa kikohozi. Mama atamjua kwa miguu. Kila mwanamke wa huku ana mtu wake anayemjua kwa kitu fulani, Sudi. Ndiyo maana wanamfunika mwili mzima!"

Akainama. Akasema jambo ambalo najua lilimtoka mbali sana: "Kwenye ile ya kwanza walinifuta. Sasa wanataka kuniandika."

Nilimwonea huruma. Lakini nilikwenda kwenye laptopu, nikaichomoa kadi, nikaifunga kwenye pindo la khanga.

"Kadi napokea mimi," nikamwambia. "Na hii siitoi."

Novemba 4

Hatusemezani. Amekula wali na kusema "ahsante" kama mgeni.

Novemba 5

Emmanueli amerudi Dar. Ameacha salamu kwa shemeji na siku chache za kufikiri. Sudi kanitazama khanga. Nimeifunga fundo la pili.

Novemba 7

Veronika kasema amesikia nyumba imepoa. "Mwambie atafute kazi ya kueleweka, na ninyi mtaelewana." Nikamwambia mume wangu ana kazi, tunagombana kuhusu kazi, wasio na kazi hawana cha kugombania. Nikaingia ndani nikalia. Alichokosea kinaniuma, lakini mtu wa nje akimgusa bado nawaka moto. Basi sijui, labda huko ndiko kuolewa.

Nilidhani nimeolewa na mtu asiyeweza kupotea njia. Nimeolewa na mtu. Nimemtazama leo akiifuta lenzi vumbi kwa kona ya shati, midomo imebana kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano, na bado moyo wangu ulifanya vilevile unavyofanya.

Lakini kadi siitoi.

Novemba 9

Amekwenda kijijini peke yake kupiga picha za magunia yakipelekwa ghalani. Mawingu mazito. Baba atakuwa anahofia korosho kulowa.

Novemba 10

Sudi kanikuta jikoni na vumbi lake lote, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akasema, "Nikusimulie."

Jana ghalani palikuwa na wakulima wengi, na mmoja wao akamfukuza: wewe kijana na mashine yako, toka njiani. Baba akawa nyuma yake, amebeba miguu ya kamera begani. Alijitolea mwenyewe kuibeba tangu shambani, wala hakuombwa. Baba akamjibu yule mtu, "Mwache afanye kazi. Huyu ni mkwe wangu. Ni mwongozaji wa filamu."

"Alilitamka lote, Sabra. Mwongozaji wa filamu. Kama unavyolitamka wewe bombani."

Kisha mume wangu akafunika uso kwa mikono. "Alinibebea miguu ya kamera. Na mimi nilitaka kuuza ya kwake."

Nikapiga magoti kwenye machicha ya nazi nikamkumbatia. Alinuka jua na magunia. Hakuna manukato yanayofikia harufu ile, na anayebisha na abishe.

"Nipe kadi," akasema. "Si kwa ajili ya Emmanueli. Twende nayo kwa baba."

Nikafungua fundo la kwanza, kisha la pili.

Novemba 12

Tulimkuta baba uani. Mama na shangazi walikuwa wanakaanga korosho juu ya bati, zile za kula nyumbani. Maganda yalikuwa yameshashika moto, mafuta yanalipuka, moshi mweusi unapaa. Sudi akamsogeza baba kando kidogo. Mimi nikabaki hatua chache nyuma, palipo pangu, na nikasikia kila neno.

Sudi hakuzunguka. Kamera ilikuwa inawaka kule kichakani. Alisahau kuizima. Kipande kipo. Mtu wa Dar amekiona mara moja lakini hakupewa. "Nimekosa, baba. Nimekuja kwako kabla hujasikia kwa mtu mwingine."

Baba hakufoka. Ilikuwa mbaya kuliko kufoka. Alitazama moto tu, kisha akauliza:

"Nani mwingine kaona?"

"Mimi, baba. Mimi nilikuwepo," Sudi akasema.

"Sikukuuliza wewe. Kadi zote anazipokea mkeo. Hayo ulinisimulia mwenyewe ghalani, ukijisifu." Akageuka kwangu. "Sabra. Umeona nini kwenye mashine ya mumeo?"

Mama akaacha kukoroga korosho.

"Nimeona mdimu, baba."

"Mdimu tu?"

"Mdimu tu. Katoka ardhini, kama tulivyofundishwa."

Nilimtazama machoni, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Naye akanitazama. Akakohoa, viwili na kimoja. Na sote wawili tukakisikia.

Akanyoosha mkono. Sudi akampa kadi. Baba akaigeuza kwenye kiganja chake. "Vyote hivyo vimo kwenye kadude haka?" Akaitupa kwenye moto wa korosho. Ilijikunja, ikatoa moshi wake mdogo, ikaisha.

Kisha akamwambia Sudi, akiwa bado anatazama moto, "Sasa hiyo filamu yako itakuwa na nini?"

"Sijui, baba."

"Ninyi watoto wa kamera. Mnataka kumwona mdimu kule anakovishwa. Kule kuna nguo na kamba tu. Mdimu anaonekana wanakokimbia wanawake." Akanigeukia. "Wewe huwezi kujifunza kushika hiyo mashine?"

Novemba 14

Emmanueli alipiga simu. Sudi aliweka spika nisikie.

"Dairekta, umenitumia?"

"Hakipo tena, kaka. Kimeungua."

"Unachoma kazi yako, unajua?"

"Niliichoma juzi. Kwenye moto wa korosho. Imewaka vizuri."

"Basi utabaki hukohuko."

"Wimbo wenyewe unasema hivyo," Sudi akajibu, na akakata.

Baadaye nilimkuta amesimama uani, ameshika simu ambayo haikuita tena. Alikuwa na hofu. Nami nilikuwa nayo. Tulisimama nayo pamoja, bega kwa bega.

Novemba 20

Ananifundisha. Kiwiko kibane ubavuni, pumua kwa tumbo. Nimempiga picha yeye tu, mwisho kaniambia betri inaisha.

Novemba 28

Nimempiga picha Veronika akijitwisha ndoo. Kaniuliza kama amependeza.

Desemba 6

Midimu tena, kijiji cha jirani, watoto wako likizo. Wazee walijua na waliridhia: baba alizungumza nao, ingawa leo mwenyewe sikumwona uwanjani. Sudi alikaa upande wa wanaume akiwa mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mimi nilisimama na wanawake, kamera mkononi, khanga nimejifunga kiunoni.

"Sabra, ukija kutukanyaga na hilo lidude!" shangazi akaniambia.

"Wewe kimbia, shangazi. Mimi nakufuata."

Mawingu yalikuwa chini, meusi. Mdimu akatoka kwenye mikorosho. Mwanzoni alikuwa mbali, anatetemeka polepole, kana kwamba hajatuona. Kisha akatuona. Akaja. Nikasahau kiwiko, nikasahau tumbo. Wanawake wakapiga mayowe nami nikapiga, tukakimbia, na nikaigeuza kamera nyuma juu ya bega langu bila kutazama. Tone la kwanza la mvua likanipiga shavuni, kisha mvua yote ikaja kwa pamoja. Nikateleza nikaanguka kwenye matope nikicheka, kamera nimeinyanyua juu kama mtoto asilowe, na yule mdimu akasimama mbele yangu, mkubwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, akanichezea mimi peke yangu.

Niliogopa kwelikweli. Naapa niliogopa.

Jioni nilimpa Sudi kadi kiganjani, hata kabla ya kunywa maji. "Leo pokea wewe," nikamwambia. Alitazama kile kipande akiwa amesimama. Alipomaliza akakirudia. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Mwongozaji," akaniita.

Desemba 7–15

Tunahariri. Ugali wa muhogo, chai, ugali wa muhogo. Mvua.

Desemba 19

Hakuna kampuni. Tumeionyesha wenyewe, kwenye kibanda umiza cha mtaa wa Chikongola, kile kinachoonyesha filamu kwa kiingilio, mara tu baada ya alasiri, mapazia meusi yamefungwa, watu wamebanana kwenye mabenchi na wengine wamesimama nje wakichungulia. Fredi alivaa suti katika joto lile. Veronika kalipa kiingilio! Kaa alipotokea aligeuka akamwambia mwanamke wa pembeni yake, "Huyo kaa namjua," kisha ndoo yake ilipotokea akapiga vigelegele.

Mwanzo kabisa, kwa herufi kubwa: IMEONGOZWA NA SUDI FARAJI NA SABRA AMIRI. Sikujua. Aliliweka langu nikiwa nimelala. Nilimbana mkono mpaka akaniomba nimhurumie.

Baba na mama walikaa benchi la mbele. Kipande cha mvua kilipofika, kibanda kizima kilipiga yowe. Wanawake waliinuka kwenye mabenchi kana kwamba watakimbia kweli, mama akiwa wa kwanza, amejifunika uso kwa khanga na kucheka. Halafu akasimama pale mdimu, amejaa ukuta wote, mvua inamtiririka, anacheza. Watu wakanyamaza. Nikasikia tu mashine ya projekta na, kutoka benchi la mbele, viwili vifupi na kimoja kirefu.

Taa zilipowashwa watu walikuwa wanadai irudiwe. Baba akainuka taratibu, akatukuta mlangoni. Alimpa Sudi mkono, akaushika muda mrefu. Kisha akanisogelea, amekunja uso kama mtu mwenye jambo zito la kuuliza.

"Mwanangu, yule mdimu wa mwisho. Ni nani yule? Mbona anacheza vizuri namna ile?"

"Simjui, baba," nikamjibu. "Sisi wanawake hatuambiwi."